Almanaka ya kila siku ihesabiwe kwa jua na maji ya Mombasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ile safu ndogo inayowekwa pembeni mwa gazeti: tarehe, hali ya hewa, saa za jua na maji, siku za kuadhimishwa, habari ya "siku kama ya leo" na neno la mwandishi. Wengi huiona ni ya kujazia nafasi. Hapa kwetu ina watu wanaoishika kwa kazi zao. Mvuvi anaitaka kabla ya kutweka tanga, na mama anayekwenda mwambani kuchokoa pweza anaitaka kabla ya kuteremka. Dereva wa lori huitazama kabla ya kuikabili feri ya Likoni, mfungaji huingojea kwa saa ya kufuturu, na mwenye tangi huitegemea ajue mvua itamletea maji kiasi gani. Ombi langu ni moja: almanaka inayosomwa Mombasa ihesabiwe kwa Mombasa, na kila tarakimu iliyomo itaje saa, siku na mahali pake.

Nianze na jua, maana kosa lake hugusa ibada. Mombasa iko digrii 4 hivi kusini mwa Ikweta, kwenye longitudo ya 39.7 mashariki, Nairobi iko 36.8. Kila digrii ya longitudo ni dakika 4, kwa hiyo jua la Mombasa linatangulia la Nairobi kwa dakika 11 na kitu. Hilo si jibu kamili, kwa sababu latitudo nayo ina lake. Mwezi wa Juni jua hutua Mombasa dakika 16 hivi kabla ya Nairobi, na Desemba tofauti hiyo hushuka hadi dakika 6 au 7. Asubuhi hesabu hugeuka: Desemba ndipo Mombasa hutangulia kwa dakika 16, na Juni kwa dakika 7. Anayechukua saa za Nairobi akaongeza au kupunguza dakika 11 mwaka mzima atakosea kwa dakika 5 katika miezi hiyo miwili. Mfungaji wa Mombasa anayefuata jedwali la Nairobi atachelewa kufuturu, na hilo lina nafuu; lakini alfajiri atakuwa anakula daku ilhali kumekwisha kupambazuka. Mfungaji wa Nairobi akifuata la Mombasa atafungua kinywa kabla jua halijatua. Lamu nayo iko mbele ya Mombasa kwa dakika 5 hivi na Voi iko nyuma kwa dakika 4, kwa hiyo jedwali moja halitoshi Pwani nzima.

Kosa la pili ni kudhani kwamba, kwa kuwa tu karibu na Ikweta, jua linachomoza na kutua saa zilezile. Saa rasmi ya Kenya inafuata mstari wa digrii 45, ambao uko mashariki yetu, ndiyo maana adhuhuri ya kweli ya Mombasa huangukia saa 6:21 mchana kwa wastani. Wastani huo nao haukai palepale. Mwanzoni mwa Novemba jua hufika utosini saa 6:05, na katikati ya Februari saa 6:35. Kwa hiyo linachomoza kati ya saa 11:56 alfajiri na saa 12:30 asubuhi, na linatua kati ya saa 12:12 na saa 12:43 jioni. Jedwali lolote la Mombasa lenye saa nje ya mipaka hiyo limenakiliwa kutoka mji mwingine.

Yako majaribio mepesi ya kulipima. Tarehe 10 Machi, na tena tarehe 3 au 4 Oktoba, jua hupita juu ya Mombasa wima kabisa. Simamisha fimbo iliyonyooka kwa timazi, ukiangalia saa iliyosahihishwa kwa redio au simu. Machi kivuli kitapotea kwenye saa 6:32 mchana, Oktoba kwenye saa 6:10. Jedwali la adhuhuri likiachana na fimbo kwa zaidi ya dakika mbili, lirudishwe kwa aliyelitengeneza. Na kwa kuwa Makka iko kwenye longitudo ya 39.8, karibu sawa na yetu, adhuhuri ya Makka na ya Mombasa ni dakika ileile, na kibla chetu ni kaskazini iliyonyooka. Waswahili waliposema "kibla" wakimaanisha upande wa kaskazini walikuwa wanataja jambo lililo kweli hapa. Mahali pengine lisingekuwa kweli.

Sasa maji, na hapa naomba subira yako, kwa kuwa ndipo penye hatari.

Maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku ya mwezi, ambayo ni ndefu kuliko siku ya jua kwa dakika 50. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa sababu hiyo siku nyingine za kalenda zina saa tatu tu za kujaa na kupwa badala ya nne, na mpangaji wa ukurasa asiyejua hili hudhani tarakimu imepotea akaiazima ya jana. Nafasi hiyo iachwe wazi, itiwe kistari.

Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji ya Mombasa hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, mambo hupinduka: kujaa saa 4 na saa 5, kupwa saa 10 na saa 11. Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote. Almanaka ikionyesha mwezi mpevu na maji kujaa saa 7 mchana, mtu amechukua jedwali lililoandikwa kwa saa za Greenwich bila kuongeza saa 3, au amechukua la bandari nyingine.

Kimo nacho kina mitego yake. Bamvua kubwa huacha tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Maji mafu huacha mita 1 hivi. Vimo vya jedwali havianzii chini ya bahari. Sifuri ya chati imewekwa karibu na kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufika, kwa hiyo 0.2 maana yake mwamba umeanikwa karibu wote. Mara chache jedwali huonyesha alama ya kutoa mbele ya tarakimu, na mhakiki huifuta akidhani ni uchafu wa chapa. Alama hiyo ibaki: hiyo ndiyo siku ambayo mteremko wa kuingilia feri utakuwa mkali kuliko kawaida na lori lenye shehena nzito litapata taabu.

Saa na kimo peke yake havimtoshi anayetembea hadi mwambani. Anahitaji kujua maji yanarudi kwa mwendo gani. Kanuni ya mabaharia hugawa tofauti ya maji mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, na mtu huona bado ana wakati. Saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 90 kila moja. Tena hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mkondo ulio kati ya mwamba na ufuo, kwa hiyo aliye mwambani hukatwa njia angali amesimama pakavu. Almanaka iandike wazi "rudi ufuoni kabla ya saa fulani", nayo iwe saa moja baada ya maji kupwa, isizidi hapo.

Hapa ndipo siku za kuadhimishwa na bahari hukutana, na sijaona safu inayowaunganisha. Idd al-Fitr ni mosi Mfunguo Mosi (Shawali), yaani mwezi ndio kwanza umeandama. Basi Idd hii daima huangukia bamvua. Umati hufika ufuoni asubuhi maji yamepwa na mchanga ni mpana. Maji yakiwa yamepwa saa 4 na nusu, yatapanda kwa kasi yake kuu kati ya saa 6 na nusu na saa 8 na nusu mchana, wakati watoto wako ndani kabisa. Idd al-Hajj iko tarehe 10 Mfunguo Tatu (Dhulhija), na maji huwa mafu au yanaelekea kuwa mafu. Pasaka nayo huhesabiwa kuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, kwa hiyo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, mara nyingi ndani ya bamvua au nyuma yake kidogo. Tena bamvua za Machi na Aprili, kama za Septemba na Oktoba, ndizo kubwa za mwaka. Mstari mmoja wa onyo katika safu ya siku hizo utawafikia wazazi kabla hawajapanda matatu kwenda ufuoni.

Tarehe ya Kiislamu ichapwe kando ya maji, kwa sababu kila moja hulisahihisha jingine: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni mafu. Lakini iandikwe "hadi magharibi". Siku ya Kiswahili huanza jua likitua. Usiku wa Alhamisi wa kalenda ya ofisi ni usiku wa Ijumaa kwa mzee wa Mji wa Kale, na tarehe ya mwezi imekwisha kugeuka. Njia salama ni kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Ndivyo pia kwa maji ya baada ya saa 6 usiku: jedwali la bandari likisema 00:40 tarehe 12, gazeti liandike "saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 12", la sivyo mvuvi atashuka pwani siku moja baadaye. Anayegeuza saa za jedwali azigeuze zote kwa mkono mmoja: 04:15 ni saa 10:15 alfajiri, 16:15 ni saa 10:15 jioni. Kuchanganya mitindo miwili katika mstari mmoja ndiko kunakozaa tarakimu zisizosomeka.

Mwisho wa Shaabani na wa Ramadhani gazeti lisijitangazie mwezi. Kalenda za kuchapwa hutumia hesabu ya jedwali, na mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30. Iandikwe "30 Shaabani au mosi Ramadhani, kutegemea kuandama", na tangazo la Kadhi Mkuu lifuatwe toleo linalofuata. Linaloweza kuchapwa mapema bila ubishi ni saa jua litakapotua jioni ya tarehe 29, saa mwezi utakapotua, na umri wake tangu ukutane na jua. Mwezi wenye umri chini ya saa 15 kwa kawaida hauonekani kwa macho matupu. Msomaji akiwa na tarakimu hiyo ataamua mwenyewe kama inafaa kupanda darini.

Kwenye hali ya hewa tatizo kubwa ni neno "leo". Utabiri hutolewa mchana, gazeti hupelekwa mtamboni usiku, msomaji hulipata asubuhi: "leo" ya utabiri imekuwa jana. Utabiri uandikwe na saa uliyotolewa na muda unaohusika. Mvua iliyopimwa nayo husomwa saa 3 asubuhi na huhesabu saa 24 zilizopita, kwa hiyo mvua iliyoandikwa kwa tarehe ya Jumanne huenda yote ilinyesha Jumatatu usiku. Itajwe pia ilipimwa wapi. Kituo cha uwanja wa ndege kiko bara, ng'ambo ya kisiwa, na katika vuli wingu laweza kumwagika Port Reitz likaiacha Kongowea kavu.

Na milimita zielezwe. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Paa linalofunika ardhi ya mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 40 hulipa lita 2,400. Toa zinazorukia nje ya mfereji na zile za mwanzo za kuoshea vumbi, mwenye tangi atabaki na 2,000 hivi. Kipimo ni ardhi iliyofunikwa, wala si urefu wa bati juu ya mteremko. Kwa mji unaonunua maji kwa mtungi, mstari huu una faida kuliko picha ya wingu na jua.

Pepo zipewe majina yake. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili au Mei na kushika hadi Septemba, na katikati kuna matlai, upepo wa mashariki, na siku za tanga mbili, pepo zinapobadilika. Kuandika "upepo wa wastani" kila siku hakumwambii kitu mwenye ngalawa. Masika ni Machi hadi Mei, Mei ikiwa na mvua nyingi kuliko mwezi wowote. Vuli ni Oktoba hadi Desemba.

Ningependa sana pia irudi hesabu ya miongo. Mwaka wa Nairuzi, yaani mwaka wa jua wa Waswahili, una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada. Hesabu ni nyepesi: siku ya 137 tangu Nairuzi ni siku ya 7 ya mwongo wa 14. Lakini mwaka huo hauna siku ya kujazia kila mwaka wa nne, kwa hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4, siku 24 au 25 kwa karne. Siku hizi huangukia Julai, na katikati ya karne ya 19 ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Msemo wa babu kuhusu kupanda au kusafiri katika mwongo fulani hauwezi kunakiliwa vivyo hivyo. Lazima usogezwe kwa siku zilizopotea, vinginevyo mkulima atapanda mwezi mzima kabla ya wakati. Nadhani wengi walioiacha hesabu hii waliiacha kwa sababu hiyo, wakidhani wazee walikosea.

Historia ya "siku kama ya leo" inahitaji mkono mzito. Vasco da Gama, baharia Mreno, alifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, lakini hiyo ni kalenda ya zamani ya Juliasi. Kwa kalenda yetu ni 16 Aprili. Tofauti hiyo si ya mapambo. Aliondoka Malindi kwenda Uhindi tarehe 24 Aprili, ambayo kwetu ni 3 Mei, na msomaji anayejua pepo ataona mara moja kwamba kusi ilikuwa imeshika. Wareno waliacha kalenda hiyo mwaka 1582, Waingereza hadi 1752, kwa hiyo kuwekwa wakfu kwa Ngome ya Yesu ya Wareno tarehe 11 Aprili 1593 hakuhitaji kusogezwa. Kuzingirwa kwa ngome hiyo na Waomani kulianza 13 Machi 1696 kukaisha 13 Desemba 1698: ni miaka miwili na miezi tisa, ingawa huandikwa "miaka mitatu" kwa uvivu. Na jambo linalojulikana kwa mwaka tu, kama Seyyid Said kuitwaa Mombasa 1837 au makao ya serikali kuhamia Nairobi 1905, lisibandikwe tarehe ili kujaza siku tupu. Tarehe 29 Aprili, siku ilipozama feri ya Mtongwe mwaka 1994 wakafa watu 272, isiwekwe kabisa katika orodha moja na mambo ya kuchekesha. Familia zao zinasoma gazeti hili.

Sikukuu za serikali ni rahisi ila zinabadilika majina. Tarehe 10 Oktoba imekuwa Siku ya Moi, ikawa Huduma, ikawa Utamaduni, sasa ni Mazingira. Anayenakili kalenda ya zamani ataaibika. Ikiangukia Jumapili, mapumziko huhamia Jumatatu.

Neno la mwandishi nalo liwe fupi, maneno 60 yatosha, na litokane na kitu cha siku hiyo: maembe ya ngowe ya kwanza sokoni, umande wa alfajiri, mikoko iliyoanikwa na bamvua. Nasaha zinazofaa siku yoyote ndizo zinazofanya safu irukwe.

Kazi yenyewe haitishi. Jua, maji, miongo na historia huweza kutayarishwa Desemba kwa mwaka mzima na watu wawili, mmoja akihesabu na mwingine akikagua kwa vipimo nilivyotaja. Mpangaji wa usiku abakiwe na mambo matatu tu ya kujaza: utabiri, tarehe ya mwezi na neno la siku. Na kosa la saa ya maji likigunduliwa, lisingoje toleo la kesho: litangazwe redioni asubuhi hiyohiyo, kabla ya maji kupwa.

Wako msomaji,
Mji wa Kale, Mombasa